Ujira wa Kungoja

Mkonge ni mmea wa subira. Mche wake hutiwa ardhini leo, nao hautoi jani la kukatwa mpaka miaka kama mitatu ipite. Baada ya hapo hukatwa mwaka baada ya mwaka, mpaka siku ile utoapo mlingoti mrefu wa maua, ukachanua mara moja tu katika maisha yake, kisha ukafa. Aupandaye huikopesha ardhi fedha yake, na ardhi haina haraka ya kulipa. Hapana mfano ulio bora kuliko huu wa kumtetea mwenye mali, wala hapana mfano ulio bora kuliko huu wa kumshitaki. Kwa hiyo lile swali la siku nyingi, kama ubepari hauwezi kuishi bila ya kumnyonya mfanyakazi, laweza kupelekwa katika shamba la mkonge likapata jibu la kushikika kwa mkono.

Swali hilo liliulizwa jioni moja barazani, katika kijiji kilicho karibu na Korogwe. Muulizaji alikuwa kijana wa chuo kikuu aliyerudi nyumbani kwa likizo. Muulizwa alikuwa babu yake, mtu wa Buha aliyekuja katika mashamba ya Tanga mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa hajatimiza miaka ishirini, akazeekea huko huko. Kijana alikuwa ametoka kusoma vitabu vizito, na kichwa chake kilikuwa na joto la elimu mpya.

"Babu," alisema, "katika mkonge mlinyonywa kiasi gani?"

Mzee aliligeuza neno lile kinywani kama mtu aonjaye chakula cha ugenini. "Mjukuu wangu," akajibu, "neno hilo mmekuja nalo ninyi. Sisi hatukusema tunanyonywa. Sisi tulisema tunangoja."

Kijana alidhani babu yake amelikwepa swali. Kwa kweli alikuwa amelijibu kwa neno moja ambalo vitabu vyake vilikuwa vimelitumia kwa upande mmoja tu.

Ni wajibu kwanza mwenye mali apewe haki yake, maana kesi isikilizwayo upande mmoja si kesi. Mkonge haukuwa mmea wa Tanganyika. Katika mwaka wa 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Miche hiyo ilipitia Hamburg, na ilipofika pwani ya Tanganyika iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyoenea Pangani, Tanga, Korogwe, Morogoro na hata kusini ya nchi. Mtu aliyetia fedha yake katika jambo la namna hiyo alijitia katika hatari iliyo dhahiri, kisha akakaa miaka bila ya kuona senti ikirudi. Mchumi wa Austria, Eugen von Böhm-Bawerk, katika kitabu chake cha mwaka 1884, aliijenga hoja hii kwa ustadi mkubwa. Alisema kuwa faida ya mwenye mali si wizi, bali ni malipo ya wakati. Mfanyakazi hupata chake sasa. Mwenye mali hungoja mpaka bidhaa iuzwe. Aliye na shilingi leo na aliyeahidiwa shilingi ya baada ya miaka mitatu hawana kitu kimoja, na tofauti iliyo baina ya vitu hivyo viwili ndiyo faida.

Hoja hii haistahili kudharauliwa. Wengi huwatukana matajiri bila ya kuijibu, na matusi hayajapata kuwa hoja. Yeyote asemaye kuwa mwenye shamba la mkonge hakutoa kitu ila amri hajui maana ya kukaa miaka mitatu akilipa watu wa kupalilia majani yasiyoleta hata uzi mmoja.

Kwa upande wa pili husimama Karl Marx na kitabu chake cha mwaka 1867. Hoja yake nayo yaweza kuelezwa kwa mkonge. Mkataji huamka alfajiri kabla jua halijawa kali, akaingia katika mistari ya mkonge. Hukata majani ya chini kwa kisu, hukata mwiba wa nchani, huyafunga matita, huyabeba mpaka kando ya reli ndogo ya shamba. Kazi yake hupimwa kwa hesabu ya matita. Tuseme kuwa matita ya kwanza aliyoyakata yanatosha kulipia ujira wake, yaani unga wake, nguo yake na chumvi yake. Matita yaliyosalia hayarudi kwake kwa njia yoyote. Hayo ni ziada, na ziada ni ya mwenye shamba. Marx alisema kuwa ziada hiyo ndiyo chimbuko la faida yote, na kwamba kuiondoa ni kuuondoa ubepari wenyewe.

Wanazuoni hawa wawili wamegombana katika vyumba vya masomo kwa zaidi ya karne moja, na wafuasi wao hawajachoka. Lakini mzee wa Korogwe, ambaye hakumsoma hata mmoja wao, aliuleta mgogoro wao mahali ulipokuwa haujafika. Aliinuka polepole, akaingia ndani, akatoka na kijisanduku cha bati. Ndani yake mlikuwa na kadi iliyogeuka rangi kama jani la migomba lililokauka. Ilikuwa kipande.

Kipande kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi 30. Kila siku ambayo mtu alimaliza kazi aliyopimiwa, alama moja ilitiwa katika nafasi moja. Asiyemaliza hakutiliwa alama, hata kama alishinda juani tangu macheo hadi adhuhuri. Mshahara ulilipwa kipande kilipojaa. Siku 30 zilizotajwa zilikuwa siku za kazi, si siku za kalenda; kwa hiyo mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa angani. Katika kadi ya mzee nafasi 27 zilikuwa na alama, na nafasi tatu zilikuwa nyeupe. Alisema kuwa aliugua homa, akalala kambini siku nyingi, na aliporudi kazini karani alimwambia kuwa kipande kile kimekwisha kufa, naye apewe kingine kipya. Siku 27 zilikwenda na upepo.

Kijana aliitazama kadi ile kwa muda, kisha akasema, "Basi, babu, huko si kunyonywa?"

"Mjukuu wangu, tajiri aliniambia anangoja mkonge ukue," mzee alijibu. "Nilimwamini, maana mkonge niliuona kwa macho. Lakini na mimi nilikuwa nangoja. Yeye alingoja ameshiba."

Hapo ndipo ilipo kasoro ya hoja ya Böhm-Bawerk. Alimwona mwenye mali akingoja, akamwona mfanyakazi akipokea. Hakuona kuwa mfanyakazi naye hukopesha. Marx mwenyewe aliligusa jambo hili aliposema kuwa kila mahali mfanyakazi humkopesha bepari, kwa kuwa hutumika kwanza akalipwa baadaye. Lakini aliligusa akapita. Mtu wa kipande alitoa siku 30 za nguvu zake kabla ya kupokea mshahara wake. Alikuwa mdai wa shamba lote. Walakini mdai huyu hakulipwa riba, na akiugua siku ya 28 deni lake lilifutwa.

Tena huko ni kungoja kufupi. Kuna kungoja kurefu kuliko huko, na hakukuandikwa katika kadi yoyote. Mkonge huchukua miaka mitatu kukua. Mkataji wa mkonge huchukua miaka kumi na minane. Nani aliyengoja miaka hiyo? Alingoja mama aliyembeba mgongoni akilima. Alingoja baba aliyemtenga na homa na njaa. Lilingoja shamba la mihogo na maharagwe la Buha. Katika mwaka wa 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kutafuta watu, kikaitwa SILABU. Watu walitafutwa Kigoma, Songea, Mbeya, na ng'ambo ya mipaka katika Ruanda-Urundi na Msumbiji. Walipewa namba, wakaitwa manamba. Walifika wakiwa wamekwisha kulishwa, wamekwisha kukua, wamekwisha kufunzwa kushika jembe. Shamba halikulipia hata siku moja ya utoto wao. Wakizeeka au wakiugua ugonjwa usiopona, walirudishwa kwao, na kijiji kilekile kilichowalea kikawauguza na kikawazika. Ujira wa shamba ulikadiriwa kuwa ni wa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, kwa sababu mke na mtoto walidhaniwa kuwa wanaishi kwa jembe lao huko nyuma.

Kwa hiyo waliongoja walikuwa wawili: mwenye mali aliyengoja mmea, na kijiji kilichongoja mtu. Mmoja aliandika kungoja kwake katika daftari, akakuita mtaji, akakudai faida. Wa pili hakuwa na daftari. Hiyo ndiyo maana ya jibu la mzee.

Mpinzani aweza kusimama hapa na kusema: hakuna aliyemfunga mtu yule kamba. Alikwenda kwa miguu yake, akatia alama ya kidole katika mkataba wake, na angependa angalibaki kwao. Tena alirudi na baiskeli, akanunua nguo, akalipa mahari. Maneno haya yana ukweli. Mzee mwenyewe alikiri kuwa baiskeli yake ya kwanza ilitoka katika mkonge, na alipoitaja alicheka kicheko cha ujana. Si kila aliyekwenda aliburutwa.

Lakini hiari nayo ina historia yake. Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898, hawakuitaka fedha tu. Waliutaka pia mkono utakaoitafuta fedha hiyo. Mtu aliyekuwa na chakula ghalani hakuwa na sababu ya kwenda kukata jani la mwiba katika shamba la mtu mwingine. Aliweza kungoja. Kodi ilimwondolea uwezo huo, kwa kuwa kodi haikungoja. Waingereza walipochukua nchi waliendelea na kodi, na katika vita vya pili vya dunia, baada ya Wajapani kuziteka nchi za mashariki zilizokuwa zikitoa katani na mkonge mwaka 1942, serikali ilikusanya watu kwa nguvu ya sheria na kuwapeleka mashambani. Yatazame tena majina ya nchi walikotoka manamba. Watu wa Kilimanjaro na wa Bukoba, waliokuwa na kahawa ya kuuza na kulipia kodi, hawakuwa wengi katika kambi za mkonge. Walikuja hasa wale ambao kwao hapakuwa na zao la kuuza wala njia ya kulifikisha sokoni. Mwenye shamba hakuhitaji mikono tu. Alihitaji mikono isiyoweza kungoja.

Wafanya biashara wote wanaijua siri hii, ijapokuwa si wote waisemao. Katika kila mapatano, anayeweza kungoja hutaja bei, na asiyeweza kungoja huipokea. Mvuvi mwenye samaki anayeoza hapatani na mchuuzi kwa usawa. Mwenye nyumba mwenye njaa huuza milango yake. Baina ya tajiri na kibarua pana jambo hilo hilo: tajiri akikosa kibarua leo atapungukiwa na faida ya wiki, kibarua akikosa tajiri leo atapungukiwa na chakula cha usiku. Unyonyaji hauhitaji moyo mwovu. Huhitaji tu saa mbili zisizokwenda sawa.

Kama hivi ndivyo, je, ubepari ungeweza kuishi saa hizo zikilinganishwa? Mambo yaliyotokea katika mkonge wenyewe yanatoa ushahidi, na ushahidi huo haumpendezi kabisa mtu wa upande wowote. Katika miaka ya 1950 wafanyakazi walianza kuungana, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu wake mkuu. Chama cha wafanyakazi ni chombo cha kungojea: watu wengi wakingoja pamoja, hakuna anayeweza kuachwa afe njaa peke yake upesi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 serikali ilipanga kima cha chini cha mshahara. Wenye mashamba walilia kuwa wataangamia. Hawakuangamia. Walipunguza idadi ya watu, wakaipanga kazi vizuri zaidi, na mwaka 1964 nchi ilitoa karibu tani 230,000 za mkonge, kiasi ambacho hakijafikiwa tena mpaka leo. Ilidhihirika kuwa miaka yote ile nguvu za watu zilikuwa zikitapanywa kwa sababu zilikuwa rahisi. Faida haikuwa imesimama juu ya kipande. Ilikuwa imezoea tu kukiegemea.

Huo ni ushahidi kwa wale wasemao kuwa ubepari waweza kurekebishwa. Lakini hadithi haikuishia hapo. Waliopunguzwa walikwenda wapi? Walirudi katika vijiji vile vile vilivyowalea. Na bei ya mkonge ilipoporomoka baada ya 1964, nyuzi za viwandani zilipoanza kuchukua mahali pa kamba, hatari ile ambayo mwenye mali alisema ameibeba peke yake ilionekana kuwa na mabega mengi. Mwenye mali alipoteza faida. Mkataji alipoteza chumba cha kambini, posho, na kazi pekee aliyoijua. Yule aliyelipwa kwa ajili ya hatari na yule aliyepatwa na hatari hawakuwa mtu mmoja.

Na wale wasemao kuwa dawa ni kumwondoa mwenye mali wanayo ya kujibu vile vile. Mwaka 1964 vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa, mahali pake kikawekwa chama kimoja cha taifa, NUTA. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Tajiri aliondoka, jina la umma likaandikwa langoni. Nia ilikuwa njema, na hapana haki katika kuicheka. Lakini kijana alipomwuliza babu yake siku hizo zilikuwaje, mzee alifikiri, kisha akasema, "Bwana alibadilika, bwana mdogo. Korona ilibaki na sauti yake ile ile." Korona ndiyo mashine iparuayo jani mpaka singa zibaki. Bei ya dunia ilikuwa ndogo, mashine zilichakaa, na mfanyakazi ambaye zamani aliweza kugoma alitakiwa sasa amngoje mwenye mali mpya ambaye kwa nadharia alikuwa ni yeye mwenyewe. Mpaka miaka ya 1990 mkonge wote wa nchi ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 mashamba yalirudishwa katika mikono ya watu binafsi, na huko Korogwe wakulima wadogo walianza kupanda mkonge wao wenyewe. Hapa palionekana kuwa pamepatikana ufumbuzi: mtu asiye na bwana, akata jani lake. Lakini jani la mkonge lina tabia moja. Likiwa shambani hungoja kwa miezi. Likiisha kukatwa halingoji. Likikaa siku chache tu hukauka, na singa zake huharibika. Katika kila mizigo mia ya jani, singa hazizidi mizigo mitano. Zilizobaki ni maji na makapi. Basi jani lisilofika korona si mali. Mwenye jani humwendea mwenye korona, na baina yao ile saa ya zamani huanza tena kulia: mmoja aweza kungoja, wa pili hawezi. Hapana mwajiri, hapana kibarua, hapana kipande. Na bado swali ni lile lile.

Jibu, basi, si ndiyo wala siyo, bali si la kigeugeu. Ubepari hauhitaji kumnyonya mfanyakazi ili mkonge uote, ukatwe, uuzwe na ulete faida. Mwaka 1964 ulithibitisha. Lakini ubepari ukiachwa peke yake humtafuta mtu asiyeweza kungoja, kama maji yatafutavyo bonde, na pale asipomkuta umewahi kumtengeneza, kwa kodi, kwa sheria na kwa kipande. Hauishi kwa unyonyaji kama samaki aishivyo kwa maji. Huurudia kama mlevi arudiavyo pombe. Kwa hiyo kila kitu kimpacho mfanyakazi uwezo wa kusema "nitangoja" ni ukuta baina yake na kunyonywa: shamba lake mwenyewe, chama kisichomtii mwajiri wala serikali, sheria yenye mlinzi, akiba ya siku ya ugonjwa, sehemu katika korona. Na kila kitu kimwondoleacho uwezo huo humtoa kwa mnunuzi, hata mnunuzi huyo akiwa taifa lake.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Walisema kweli kwa mtu aliye na mti wake. Buha na Songea palikuwa na wavumilivu wengi ambao mbivu zao zililiwa mbali.

Usiku ulikuwa umeingia barazani. Kijana aliomba aichukue kadi ile aende nayo chuoni, akawaonyeshe wenzake na mwalimu wake. Mzee aliitazama mara moja tena, akahesabu kwa kidole, kama anayehakikisha kuwa hakuna alama iliyoongezeka katika miaka yote hiyo. Kisha akaifunga katika kitambaa na kuirudisha sandukuni.

"Iache, mjukuu wangu," alisema. "Bado siku tatu."